Daftari la Ng'ombe Wanane

Mzee Machuki alipangusa viatu vyake mara tatu kwenye nyasi kabla ya kupanda ngazi za kituo cha polisi, ingawa siku hiyo Homa Bay haikuwa na tope hata la kupaka sisimizi.

"Nyatichi," alimwambia binti yake bila kumtazama, "huko ndani ukiulizwa jambo, jibu lile lile uliloulizwa. Usiongeze chumvi, usipunguze."

"Ndiyo, tata."

"Na kama ni ile kesi wameifufua, mimi niko. Sijafa."

Dorah Nyatichi aliitikia kwa kichwa. Tangu walipoondoka Migori asubuhi hakuwa amemeza kitu ila nusu kikombe cha chai ya rangi. Inspekta Monicah alikuwa amempigia Jumanne, sauti imechangamka: "Njoo Alhamisi saa nne, mama. Ni habari njema, lakini si ya kusemea kwenye simu." Polisi na habari njema! Mzee Machuki alilitafuna neno hilo siku mbili nzima, kisha akafunga duka lake la mbegu na majembe, jambo ambalo halijawahi kufanyika isipokuwa siku ya Sabato.

Kesi yenyewe ilianza hivi. Mwaka jana, mwezi wa sita, Dorah alikuwa karani wa ushirika wa akina mama wanaokausha omena, dagaa wa ziwani, kule Muhuru Bay. Asubuhi moja iliingia barua kwenye kompyuta, imeandikwa kwa adabu, eti mnunuzi mkubwa wa omena ametuma oda. Dorah akaifungua. Kufumba na kufumbua kioo kikawa chekundu, na kila jina, kila akiba, kila gunia la omena lililoletwa na akina mama wale likafungwa, kama nyumba iliyotiwa kufuli na mgeni. Wezi wakaandika: tulipeni kwa bitkoini ndani ya siku tatu, la sivyo tunafuta vyote. Bitkoini ni pesa ya mtandaoni, haina noti wala sarafu ya kushika mkononi. Akina mama walipoelezwa hivyo, mmoja aliuliza kama basi hata hainuki.

Wengine walimwonea Dorah huruma. Wengine wakanong'ona kwamba ameshirikiana na wezi, kwani mbona barua ilifunguliwa na yeye? Siku ya pili mwenyekiti, Mama Zablon, alimwambia waziwazi, "Nyathina, mwanangu, vitabu vyetu visiporudi, kesho nitakupeleka polisi kwa mkono wangu mwenyewe." Siku ya tatu kompyuta ikafunguka. Mtu fulani alikuwa amelipa. Mama Zablon alikataa katakata kumtaja. "Ni Msamaria," alisema, "na ameniapisha."

Wiki mbili baadaye ndipo likatokea lile jingine, ambalo kwa Dorah lilikuwa zito kuliko kufungwa kwa kompyuta zote za dunia. Ilikuwa Jumapili ambayo Levis Werema wa Kehancha, mpenzi wake wa miaka mitatu, alipaswa kuleta ng'ombe wa mahari. Mama yake Dorah alipika wimbi na kuku, nyama sufuria tano. Wazee wa kanisa walikuja na makoti yao. Wakangoja. Jua likashuka, nyama ikaganda mafuta, na kwenye simu ya Dorah ukaingia ujumbe wa maneno mawili: *Nisamehe. Usiningoje.*

Simu ya Levis haikushika tena.

Basi Dorah alipousukuma mlango wa ofisi ya Inspekta Monicah, mtu wa kwanza aliyemwona, ameketi kwenye benchi chini ya dirisha, mikono imeshika kofia, alikuwa Levis.

Alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa nyeusi kwa jua na viganja vilikuwa vimechanika kama gamba la mti. Lakini alichokiona Dorah kwanza kilikuwa kifungo. Levis alivaa lile shati la samawati, na kifungo cha pili kutoka juu, alichomshonea mwenyewe kwa uzi mweupe kwa sababu hapakuwa na wa samawati, bado kilikuwa mahali pake. Macho yao yakakutana. Levis akasimama. Dorah akatazama ukutani, kwenye kalenda, akaisoma tarehe asiielewe.

"Afande!" Mzee Machuki alisimama mlangoni. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Karibu, mzee. Kaa kwanza." Inspekta Monicah alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Oyugis, mwenye mwanya uliofanya hata amri zake zionekane kama tabasamu.

"Sikai chumba kimoja na mtu aliyeniachia sufuria tano za nyama zilale."

Pembeni ya Levis aliketi mwanamke mrefu, leso imefungwa kifuani, mtoto mchanga amelala mgongoni. Huyu alikuwa Nyangi, dada yake. "Mzee, tumekusalimu," alisema taratibu.

"Salamu nimezisikia."

"Basi kaa uzijibu ukiwa umekaa. Miguu ni yako, si ya afande."

Mzee Machuki alimkodolea macho. Hakuzoea kujibiwa hivyo na mtu mwenye mtoto mgongoni. Akaketi, lakini ukingoni mwa kiti.

Inspekta Monicah akavuta droo, akatoa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Mlikuwa na daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, jalada lake limekunjika pembe na lina alama ya kikombe cha chai.

"Dorah," akasema, "nimekuita kwa sababu jina lako ndilo lililoandikwa la kwanza kwenye kesi hii, nami nataka nilifute mbele ya macho yako. Ushirika ulikuja kwetu mwezi mmoja baada ya wizi. Mwezi mzima! Fundi alishaisafisha kompyuta, imeng'aa kama sahani. Barua ya wezi, hakuna. Anwani waliyolipwa, hakuna. Wakala wa Migori aliyemsaidia Msamaria wenu kununua zile bitkoini ameshafunga kibanda, namba haipatikani. Nikamwambia Mama Zablon, sasa nitamfuata mwizi asiye na nyayo? Ndipo akavunja kiapo, akanitajia huyo Msamaria. Nilimkuta Lambwe, anachunga ng'ombe za watu."

Kofia ya Levis ilizunguka mikononi mwake. Akili ya Dorah ilikataa kusogea hatua ile moja iliyobaki.

"Nikamuuliza, una risiti? Hana. Ujumbe kwenye simu? Simu aliuza. Nikageuka niende zangu. Ndipo akanifuata mpaka kwenye gari, anahema, akaniambia, 'Afande, lakini niliandika zilikokwenda.'"

Akalisukuma daftari mezani. "Fungua, mama. Mahakama imeshalitumia."

Dorah akalitoa mfukoni. Lilinuka moshi na maziwa. Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, sehemu tatu: *Ng'ombe. Alikotoka. Alikokwenda.* Mwandiko aliujua. Ungemfikia gizani angeutambua kwa kupapasa.

*Mweusi mwenye paji jeupe. Kwa mume wa Nyangi.*

*Mwekundu, nundu imelala kushoto. Kwa mume wa Nyangi.*

*Wa kijivu, sikio limekatika. Kwa mume wa Nyangi.*

*Yule mkaidi.* Huyu hakuwa na rangi. Ukaidi wake ulitosha.

Walikuwa wanane. Kila mmoja amepigwa mstari mmoja mwembamba. Na sehemu ya tatu, mahali ambapo Dorah alijua palipaswa kuandikwa *kwa Machuki*, palikuwa na msururu mrefu wa herufi na tarakimu, zimekandamizwa kwa kalamu mpaka zimetokeza nyuma ya karatasi. Mbele ya ng'ombe wa kwanza. Mbele ya wa pili. Mpaka wa nane, msururu ule ule. Na tarehe ilikuwa siku ya tatu, ile ambayo kompyuta ilifunguka.

"Aliandika mara nane?" Mzee Machuki alikuwa amesogea bila kujijua, miwani puani. "Kwa nini mara nane?"

Levis akasema kwa mara ya kwanza. "Kwetu, mzee, ng'ombe hatoki zizini bila kuandikwa anakokwenda. Kila mmoja na njia yake."

"Hasa ng'ombe wa dada," Nyangi akaongeza. "Waliokuja kunioa mimi ndio kaka yangu aolee. Hao wana macho mengi. Kesho shangazi akiuliza, yule mweusi yuko wapi, uwe na jibu. Baba yetu, Mzee Wangwe, atakusamehe kuiba sukari. Hakusamehi ng'ombe asiyeandikwa."

"Na hiyo mara nane ndiyo iliyotuokoa," Inspekta Monicah akasema. "Mtu akinakili kitu kirefu hivyo mara moja, utamwamini? Tulizilinganisha zote nane, herufi kwa herufi. Hakukosea hata nukta. Sasa sikilizeni. Watu hudhani pesa ya mtandao inajificha. Kumbe kila ikihama pochi moja kwenda nyingine, inaandikwa kwenye daftari moja la dunia nzima, na daftari hilo halifutiki. Liko kama hili lenu! Wenzangu wa Nairobi waliishika hiyo anwani ya wezi, wakaifuata pesa: pochi ya kwanza, ya pili, ikagawanywa, ikaungana tena, mpaka ikatua kwenye soko la ng'ambo wanakoibadilisha iwe pesa ya kawaida. Hapo sasa kuna jina na kitambulisho cha mtu. Mahakama ikaandika amri, soko likaizuia. Sehemu wezi walishachota. Tukihesabu kwa lugha ya hapa, ng'ombe wawili tumewakosa. Sita wamerudi."

Mtoto wa Nyangi alipiga chafya usingizini.

"Siku nyingine mje kwetu kabla ya kuwalipa wezi," afande akamalizia, akisimama. "Naenda kutafuta muhuri. Muhuri wa ofisi hii unapenda kutembea. Nyinyi wawili, nendeni barazani mkapate hewa. Dorah, umekuwa rangi ya majivu."

Kutoka barazani ziwa lilionekana lote mpaka kule milima inapoanza, bluu iliyochanganyika na kijani cha magugu. Dorah alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Miezi kumi, Levis."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unahesabu mvua za Lambwe. Mimi nilikuwa nahesabu macho ya watu. Nikiingia sokoni wananyamaza. Mama aliosha zile sufuria, hakusema neno wiki nzima."

"Dorah..."

"Nisamehe, usiningoje. Maneno mawili! Polisi ulimpa daftari zima, mimi ukanipa maneno mawili."

Levis aliinamisha kichwa. "Ningekwambia nini? Kwamba nauza mahari yako ninunue jina lako? Ungekubali?"

"Ningekataa."

"Ndiyo sababu."

"Na kompyuta ilipofunguka? Ulimi nao ulikuwa umeuzwa?"

Levis alijaribu kucheka. "Baba alisema aliyeuza ng'ombe za dada yake hana mdomo wa kuposea. Nikaona ni kweli. Ningekuja kwenu mikono mitupu niseme nini mbele ya baba yako? Nitaje kosa la kompyuta, wazee wote wa kanisa walisikie? Nikasema bora anichukie mimi. Nikaenda Lambwe. Yule tajiri ninayemchungia analipa ndama mmoja kwa mwaka."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Kwa hivyo ungekuja baada ya miaka minane."

"Wakizaliwa mapacha mara mbili, sita."

Dorah hakutaka kucheka. Alikuwa ameitunza hasira ile miezi kumi, ameilisha, ameivika. Lakini kicheko kilimtoka, na nyuma yake machozi, na akalazimika kuinua pindo la leso.

"Ungenikuta nimeolewa, mjinga wewe."

"Niliogopa hivyo kila asubuhi nikifungua zizi." Akagusa kifungo chake. "Hii shati nilikuwa naifua kwa kuibembeleza. Nilisema uzi huu ukikatika, basi ndiyo imekwisha."

Dorah alikitazama kile kifungo, akanyoosha kidole, akakivuta kidogo kama mtu anayepima kazi yake. Kilishika.

"Unajua nilikuwa naomba Sabato zote?" akasema polepole. "Kwa yule Msamaria. Sikumjua jina. Nilimwambia Mungu, huyo mtu, popote alipo, mbariki, mwongezee mifugo. Nilipiga magoti mpaka yakaota sugu."

Levis akamtazama. "Kumbe ndiyo sababu ndama wangu alizaliwa mwenye afya."

"Na wewe pia nilikuombea. Mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Yasiyofaa kutajwa kituoni."

Hapo wakacheka wote wawili, na askari aliyekuwa akipita na birika akageuka kuwatazama. Dorah akaushika ule mkono uliochanika, akaugeuza kiganja juu. "Asante, Levis. Sijui asante kubwa wanaisemaje. Nilikuwa nalala nikijiuliza ni nani duniani aliyeniona nina thamani namna hiyo. Na yule niliyetaka aione thamani yangu, nikamdhania ametoroka. Kumbe ni mtu mmoja. Asante."

Levis akafunga vidole vyake juu ya vya Dorah.

Waliporudi ndani, walimkuta Mzee Machuki ameinamia daftari, na Nyangi akimwelekeza kwa kidole.

"Huyu mweusi alikuwa wa maziwa?"

"Chupa saba kila asubuhi, mzee. Na hapigi teke."

"Mkamuuza!"

"Nilimshika kamba mwenyewe mpaka sokoni."

"Kwa ajili ya mtoto wa Mkisii usiyemjua?"

"Kwa ajili ya kaka yangu ninayemjua."

Mzee Machuki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akamgeukia Levis, na neno alilolitumia lilikuwa la Wakuria wenyewe, la kumwita kijana. "Mura. Mimi nilikutukana mbele ya kanisa zima."

"Nilisikia, mzee."

"Ulisikia ukanyamaza?"

"Ulikuwa na haki. Nyama ililala."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Binti yangu angelala rumande. Jina la nyumba yangu lingelala rumande. Na mimi nikakaa nalilia sufuria." Akamshika Levis bega, akaliminya kwa nguvu, kama anapima gunia la mahindi. "Asante, mwanangu. Mungu aliyekuona akuone tena."

Inspekta Monicah akaingia na muhuri, akauzamisha wino, akagonga. Levis akatia sahihi. Hundi ikatoka, naye bila hata kuitazama akaishika kwa mikono miwili, akamwekea dada yake mapajani. "Ni zako. Zirudi zizini kwa baba."

Dorah aliifuata hundi kwa macho. Ilikuwa haki. Ng'ombe walikuwa wa Nyangi tangu mwanzo, na hapakuwa na wengine.

Nyangi aliitazama ile karatasi, kisha akamtazama kaka yake kama mtu anayemtazama ndama aliyeingia jikoni. "Wewe umesomea wapi? Mimi niliwatoa ng'ombe hawa waende kwa Machuki. Walipotea njia tu. Sasa wamepatikana, unanirudishia za nini?"

"Na baba je?"

"Baba ametengeneza ua wa zizi wiki nzima. Na ameninong'oneza nimuulize mzee hapa kama Wakisii wanakula mbuzi mwenye ndevu. Hayo ni maswali ya mtu anayekataa?"

Macho yote yakamgeukia Mzee Machuki. Akajikohoza. Akaishika hundi kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku, akairudisha kwa Nyangi.

"Karatasi haikamuliwi," akasema. "Hizi sita nazitaka zije kwa miguu yao, zinye mlangoni pangu, majirani wakanyage. Jumapili, siyo Jumamosi. Na safari hii sipiki mpaka nisikie kwato."

"Mzee," Levis akasema kwa shida, "walikuwa wanane. Wawili waliopotea, nipe muda. Nina yule ndama—"

"Nani kasema walipotea?" Mzee Machuki aligonga daftari kwa kidole. "Huyu mweusi wa chupa saba, na huyu mkaidi. Hao walifika kwangu mwaka jana. Walimkuta binti yangu anapelekwa polisi, wakasimama njiani. Ni mimi tu sikuwatambua. Nyatichi, chukua kalamu."

Dorah alisita. Tangu siku ile ya kioo chekundu hakuwa ameandika chochote cha watu; alimwachia Mama Zablon funguo, akarudi Migori kuuza mbegu kwa baba yake, na hata huko risiti aliandika baba.

"Afande, inaruhusiwa? Si bado ni kielelezo?"

"Kesi imefungwa, mama," Inspekta Monicah akasema, akimpa kalamu yake mwenyewe. "Andika vizuri, una watu wanakutegemea."

Levis akamshikia daftari lisiteleze. Dorah akainama. Mbele ya *Mweusi mwenye paji jeupe*, baada ya ule msururu mrefu uliozunguka dunia, hapakuwa na sehemu ya nne. Akaitengeneza mwenyewe kwenye ukingo wa karatasi, kwa mwandiko wake wa ukarani ulionyooka, akaandika neno moja:

*Amefika.*

Akashuka mpaka kwa yule mkaidi, akamtazama Levis kwa pembe ya jicho, akaandika tena.